Maji ya Mahabibo na meli iliyolala

Juzi kijana mmoja kati yenu ninyi mnaowatembeza wageni aliniuliza swali zuri, kisha akaliharibu. Aliniuliza: "Mzee Soilihi, wewe umefanya kazi bandarini. Kwa nini meli ya watalii ikimaliza safari hulala usiku mzima ndipo ianze nyingine? Si ishushe hawa, ipakie wale, iondoke?" Nikafungua mdomo nimjibu. Yeye akanitangulia: "Ah, najua. Inalala ili wageni wafaidi uzuri wa mji usiku." Wenzake wakaitikia. Mimi nikainuka nikaenda zangu, kahawa nimeiacha nusu kikombe. Najua mlisema mzee siku hizi hana uvumilivu. Kweli sina. Kaeni sasa mnisikilize.

Meli haina starehe, wanangu. Starehe wanayo waliomo ndani. Meli yenyewe ni tumbo kubwa linalotaka kulishwa: makaa, nyama, mkate, barafu, mashuka safi, na juu ya yote maji. Wafanyakazi wake nao ni watu, wakitoka kukesha jikoni na kwenye mashine lazima walale. Abiria wa zamani wakishuka, vyumba vioshwe kabla wapya hawajapanda. Na mwenye meli hapendi kabisa isimame, maana ikisimama inakula bila kuingiza kitu. Kwa hiyo mkiiona imelala, jueni kuna jambo limeilazimisha. Huko Mahajanga, bandari ya Madagaska nilikofanya kazi, jambo hilo lilikuwa maji matamu, ya kunywa na kuoga. Najua yalikotoka, kwa sababu niliyapeleka kwa mikono hii.

Nilizaliwa Ambanoro, karibu na Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, wakati Wafaransa wanaitawala Bukini yote, ndiyo Madagaska. Wazazi wangu walitoka Ngazija. Kazini tulisema Kisakalava, nyumbani Kingazija, na Kifaransa kilikuwa cha kuamriwa tu. Kiswahili nilikianza chuo cha Kurani, maneno ya dini na ya bahari, na kilichobaki nimekiokota hapa Unguja ukubwani. Basi mazungumzo nitakayowasimulia hayakuwa kwa lugha hii. Nayageuza ili mnielewe.

Nosy Be kazi ya maji ilikuwa rahisi. Maji yalitoka ziwani, juu ya mji, yakateremka yenyewe kwenye bomba mpaka gatini. Tulijaza mapipa, tukayapakia kwenye mashua, tukaenda. Meli ilifika asubuhi, wageni wakapelekwa mashambani kunusa maua ya mlangilangi, jioni wakarudi wananukia kama maharusi, nanga ikang'olewa. Haikulala. Tuliposikia kwamba meli hiyohiyo ikifika Mahajanga hulala, sisi wa Ambanoro tulisema, basi Mahajanga lazima kuna raha. Mnaona? Hata mimi nilifikiri kama ninyi.

Aliyenipeleka Mahajanga ni dada yangu, Moinaecha. Mama yetu alikufa mapema na Dada ndiye aliyenilea. Aliolewa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, na mumewe alipofariki akaniita nikakae naye. Alikuwa mwanamke mkali kwa usafi. Ukirudi kazini huingii ndani hujanawa miguu. "Bandari iache nje," alikuwa akisema, na kopo la maji liko tayari mlangoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na bado nilisimama mlangoni kwa dada yangu nikinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, majirani wanacheka.

Nikaandikwa kwenye tishari la maji, chombo kipana cha kubebea matangi hadi melini. Mkuu wetu, serahangi, alikuwa Msakalava mmoja jina lake Tombo. Tulimwita Zama Tombo, na zama kwao ni mjomba. Mfupi, mabega mapana, kofia ya ukindu iliyochakaa mpaka unaona nywele zake juu. Maneno yake yalikuwa machache na kila moja lilikuwa na kazi. Alinifundisha kwamba mpira wa maji haukazwi hata siku moja, unaachwa ulegee, maana meli inapanda na kushuka na maji ya bahari na mpira uliokazwa utakatika ukupige usoni. Alinifundisha kuyaacha maji ya kwanza yamwagike, ni maji ya kutu. Alinifundisha kugonga ubavu wa tangi kwa kifundo cha kidole: likilia kama ngoma bado tupu, likilia kama mlango limejaa. Na alinifundisha jambo kubwa kuliko yote, kwamba tangi liwe limejaa au liwe tupu, lisibaki nusu. Maji yaliyo nusu yanakimbia upande mmoja, na tishari zima linayafuata.

Hili la mwisho nililijua vizuri kwa sababu wiki yangu ya kwanza niliacha matangi mawili nusu nusu. Wimbi dogo la motaboti likapita, maji yakakimbia ndani, tishari likalala ubavu na Zama Tombo akaingia baharini na kofia yake. Alipanda taratibu. Akaikamua kofia, akaivaa. Akaniambia, "Sasa umejua kwa nini." Halafu akaenda kula. Mpaka leo sijapata mwalimu kama yule.

Sasa sikilizeni jinsi meli ilivyolala.

Pwani ya Mahajanga ni ya tope. Mto mkubwa unamwaga udongo mwekundu ghubani, na bahari inajaa na kupwa kwa nguvu sana. Meli kubwa ilitia nanga mbali na kila kitu kilikwenda na kurudi kwa matishari. Letu halikuwa na injini, lilivutwa na motaboti, na liliweza kusogea gatini wakati maji yamejaa tu. Yakipwa, pale gatini palibaki tope na kaa wanaokimbizana. Kwa hiyo tuliingia na maji ya jioni, tukajaza, tukatoka haraka kabla hayajapwa, tukavutwa hadi melini na kuyapampu juu kwa mikono. Tishari moja halikuitosha. Ilibidi tungoje bahari ijae tena alfajiri, tujaze mara ya pili. Baina ya kujaa na kujaa usiku unapita. Hiyo ndiyo siri nzima. Hapakuwa na mwezi wala uzuri wa mji ndani yake.

Lakini kuna siri nyingine, na hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye kahawa yangu. Bomba la mji lilikuwa moja. Mahali fulani liligawika, tawi moja likaenda bandarini na jingine Mahabibo. Maji hayakuwa na nguvu ya kufika kote kwa pamoja. Basi siku ya meli, kuanzia adhuhuri, koki ya Mahabibo ilifungwa. Mitaa ya Wazungu ilikuwa na tawi lake, na hilo halikuguswa. Mahabibo, mtaa uliojaa watu, nyumba zimebanana, soko, maduka, misikiti, wote waliachiwa visima vyao vya maji ya chumvi mpaka meli iondoke. Hakuna aliyekuja kutangaza. Ulijua meli imefika pale unapofungua mfereji ukausikia unapumua.

Abiria walioga asubuhi na jioni. Nimeona mabaharia wakiosha sitaha kwa maji yetu ili watu wacheze dansi bila chumvi kwenye viatu. Nimeona bakuli kubwa la maji safi limewekwa kwa ajili ya mbwa wa bibi mmoja. Mimi nimeyapampu, mgongo unaniuma, na najua kwamba maji ya mbwa huyo yamekatwa kwa jirani zangu. Sasa niambieni tena habari za kufaidi uzuri wa mji.

Meli yenyewe jina lake silisemi. Sisi tuliiita Fotsy, yaani Nyeupe. Na Mfaransa aliyesimamia maji ya bandari tulimwita Msyu tu, yaani Bwana kwa lugha yao. Nami nitamwita hivyohivyo.

Ilikuwa kiangazi, na ilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Dada Moinaecha alikuwa mgonjwa wa kifua muda mrefu. Asubuhi ile nilimwacha na jirani yetu, Mama Echati, mjane aliyeuza vitumbua mlangoni kwake na aliyejua habari za mtaa mzima. Fotsy haikutarajiwa siku ile. Ilikuja kabla ya siku yake, kwa hiyo wanawake wa Mahabibo hawakuwa wamejaza mitungi.

Alasiri tulikuwa gatini tunajaza. Mpira unanguruma ndani ya tangi, Zama Tombo anagonga ubavu kwa kidole. Nikasikia naitwa kutoka langoni. Nikageuka, nikamwona Mama Echati ameshika nondo za lango kwa mikono yote miwili, leso imelowa mpaka magotini.

"Soilihi mwanangu," akasema, "dada yako ametangulia."

Nilisema tunayosema sote, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea. Nikamuuliza lini.

"Adhuhuri imetoka tu. Tukaona tusichelewe, tukaanza kumwosha. Maji yamekatika."

"Yamekatika vipi?"

"Yamekatika!" Akapiga lango. "Tumeshampaka sabuni, mfereji ukakauka. Nimegonga kila mlango. Watu wana maji kidogo ya kunywa ya watoto wao, na bado wanaleta, wanaleta kwa vikombe. Vikombe, Soilihi! Utamwosha mtu mzima kwa vikombe? Dada yako amelala ubaoni na povu linamkaukia mwilini."

Wanangu, nyuma yangu mpira ulikuwa unanguruma. Nilikuwa nimesimama mbele ya maji mengi kuliko niliyowahi kuyahitaji maishani mwangu, na dada yangu, yule aliyenizuia mlangoni kwa ajili ya vumbi la miguu, amelala na sabuni inamkauka.

Nikaenda kwa Msyu. Ofisi yake ilikuwa palepale, hatua chache. Nikavua kofia. Kifaransa changu kilikuwa kibovu lakini kilitosha. Nikamwambia dada yangu amekufa, wanawake wanamwosha, maji yamekatika. Nikamwomba afungue koki ya Mahabibo kidogo tu, muda wa kuosha maiti mmoja, kisha afunge.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sitasema kwamba alinipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole, huku anafuta miwani yake, "Maiti hana haraka. Meli ndiyo ina haraka. Kesho asubuhi mtapata maji."

"Msyu, kwetu maiti haachwi hivyo."

"Kesho asubuhi," akasema. "Rudi kazini, maji ya bahari hayakungoji."

Hapo alisema kweli. Nikatoka. Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka kwamba niliokota nyundo ya kugongea vifungo vya mpira, na nilikuwa nimegeuka kurudi ofisini kwake, Zama Tombo akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa ameshamsikia Mama Echati.

"Weka," akasema.

"Zama, niachie."

"Ukimpiga, dada yako bado ana sabuni. Weka."

Nikaiweka. Zama Tombo akaitazama bahari, maji yamejaa mpaka ukingoni, yametulia kama yanavyotulia kabla ya kugeuka. Akalitazama tishari. Tangi la mbele lilikuwa limejaa na la nyuma linakaribia. Kisha akaenda mwenyewe langoni.

"Mama," akamwambia Mama Echati, "una ndoo ngapi mtaani?"

"Ndoo?" Mama Echati akashangaa. "Ndoo zimejaa mtaa mzima. Kisichokuwepo ni maji."

"Basi nenda kazilete. Zote. Waambie na wenzako."

Askari wa lango akamsogelea. "Tombo, hii ni amri ya nani?"

"Yangu."

"Ya kwako!"

"Ukiulizwa sema nilikutishia." Askari yule alikuwa mtu wa bara ya Bukini, hakuwa Mwislamu wala mtu wa mtaa wetu, lakini naye alikuwa na dada mahali fulani. Akalifungua lango, akaenda kusimama mwisho wa gati akiangalia upande wa bahari, kana kwamba amri yake ilikuwa kulinda samaki.

Tukauchomoa mpira kwenye bomba, tukaufunga kwenye pampu ya tishari, tukaulaza kupita lango mpaka barabarani. Nikashika mkono wa pampu. Zama Tombo akaniondoa. "Wewe una maiti," akasema. "Chukua madebe mawili uende."

Nikayabeba kwa mti begani, Mama Echati mbele yangu na ndoo tuliyompa kichwani, tukapanda hadi Mahabibo bila kupumzika. Njia nzima alikuwa anapiga kelele. "Maji yako bandarini! Tombo anatoa maji bandarini! Leteni ndoo!" Milango ikafunguka. Nilipofika kwetu wanawake wakayapokea madebe mlangoni, mimi nikabaki nje, kama inavyopasa. Nikakaa chini, mgongo wangu kwenye ukuta wa bati. Nikasikia maji yanamwagwa. Nikamsikia Mama Echati ndani akisema taratibu, "Pole, Moinaecha, tumekuchelewesha." Hapo ndipo nililia. Mpaka pale nilikuwa na hasira tu.

Baada ya magharibi, Dada ameshavikwa sanda na wanaume wamekubaliana kuzika asubuhi, nikarudi bandarini. Nilimwogopea Zama Tombo. Njiani nilipishana na Mahabibo nzima. Wanawake, wazee, wauza soko, wenye madebe, mitungi, masufuria, mmoja amebeba beseni ya kufulia na mumewe ameshika upande wa pili. Hakuna aliyesukumana. Foleni ilitoka langoni ikapinda mpaka barabara ya pwani, mahali Wazungu wanapopunga upepo jioni. Abiria wa Fotsy walikuwepo, na nguo zao nyeupe na miavuli, wamesimama wanatazama. Bwana mmoja alikuwa anapiga picha. Sijui alidhani ni sherehe gani.

Tishari lilikuwa limekaa kwenye tope. Bahari ilikuwa imeshapwa mbali sana. Motaboti ilikuwa imekimbilia nje kwenye kina, na tishari limebaki peke yake limeinama kidogo, kaa wanalizunguka. Zama Tombo alikuwa ameketi juu ya tangi anakula muhogo.

"Zama," nikamwambia, "tishari limekwama."

"Limepumzika," akasema.

"Na maji?"

Akagonga tangi kwa kidole. Likalia kama ngoma. "Yamekwenda yalikokuwa yanakwenda siku zote, kabla hawajafunga," akasema.

Alijua. Msidhani alisahau. Mtu aliyefanya kazi na bahari ile tangu ujana wake hawezi kusahau kwamba inapwa, tena siku ya bamvua. Alijua kwamba tishari litakaa hapo mpaka alfajiri, kwamba maji ya kwanza yatafika melini asubuhi badala ya usiku, na ya pili jioni, na kwamba Fotsy haitaondoka kesho.

Msyu alikuja na ofisa mmoja wa meli na askari wawili. Safari hii alipiga kelele. Alitaka kujua ni nani aliyeamuru. Nikapiga hatua mbele, nikaanza kusema, "Msyu, dada yangu..."

"Mangina!" Zama Tombo akanikata. Maana yake nyamaza, na hajawahi kuniambia hivyo kabla. Kisha akamwambia Msyu, "Hawa wote walikuwa wanafuata amri yangu. Huyu hakuwepo kabisa, alikuwa kwenye msiba."

Siku hizo Mfaransa mwenye cheo aliweza kumfunga mwenyeji bila kumpeleka kwa hakimu yeyote. Kauli yake ilitosha. Wakamfunga mikono Zama Tombo palepale mbele ya foleni. Alikuwa bado na kipande cha muhogo mdomoni, na aliendelea kukitafuna. Wanawake wakaanza kuguna, ule mguno wa watu wengi unaotoka kifuani, na Msyu akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, lakini niliiona. Mama Echati akaweka ndoo chini mbele yake na kusema kwa Kimalagasi, kila mtu asikie, "Mwambieni mzungu huyu kwamba aliyekufa ameoshwa." Sijui kama kuna aliyemtafsiria.

Tulimzika Dada asubuhi. Meli ikalala usiku wa pili. Na hapa, wanangu, ndipo mpaka leo damu inanichemka. Jioni ile nilirudishwa kazini, nikapelekwa melini na tishari. Tulikuwa tunapampu huku juu ngoma na fidla zinalia. Mpishi mmoja wa melini, mtu wa Ngazija kama mimi, akainama ubavuni akanieleza habari. Nahodha alikuwa amewatangazia abiria kwamba, kwa kuwa Mahajanga ni mji wenye jioni nzuri mno, kampuni imeamua kuwazawadia jioni ya pili. Wakampigia makofi. Zama Tombo yuko jela, kaburi la dada yangu bado ni udongo mbichi, na watu wanapigia makofi uzuri wa mji. Mkiuliza uongo huo wa meli kulala kwa ajili ya starehe ulianzia wapi, mimi nilikuwepo ulipozaliwa.

Nilibaki kwenye kazi ile. Sikuwa na nyingine. Lakini tangu siku hiyo sisi wa tishari tulijiwekea desturi. Moshi wa meli ukionekana tu nje ya ghuba, mmoja wetu alipita Mahabibo na kusema neno moja mlangoni kwa Mama Echati, "Fotsy," na Mama Echati akamaliza kazi iliyobaki. Adhuhuri koki ilipofungwa, mitungi ilikuwa imejaa. Hatukushinda. Mtu kujaza mtungi wake kwa wizi wa saa chache, hilo siliiti ushindi.

Zama Tombo walimpeleka kuvunja mawe ya barabara, huko mbali kusini. Aliachiwa baada ya masika. Hakurudi mjini, binti yake alimchukua Katsepy, ng'ambo ya ghuba, kwa mumewe. Nilipopata siku ya kupumzika nikavuka kwa feri na mchele na kahawa. Nilimkuta ameketi kizingitini. Nilitaka asinione nilivyoshtuka. Yale mabega yalikuwa yamekwisha, na kiuno kimepinda upande, akitaka kugeuka anageuka mwili mzima.

"Dada yako," akasema kabla sijakaa, "aliosheka vizuri?"

"Vizuri, Zama. Na maji ya kafuri mwisho."

"Hayakupungua?"

"Yalibaki. Mama Echati aliyanyweshea mkomamanga wake."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Binti yake akaleta kahawa. Tukanywa.

"Na yule Msyu?"

Sikutaka kumwambia. "Amepandishwa cheo. Amehamishiwa Antananarivo."

Alitema mate pembeni. Sijawahi kumwona akitema mate mbele ya mgeni. Akakaa anaangalia upande wa mji, kule ng'ambo, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Na koki?" akauliza.

"Wameijengea sanduku la chuma," nikasema, "na kufuli kubwa."

"Kufuli!" Akageuka mwili mzima kunitazama. "Kwa hiyo wanaogopa ndoo!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka maumivu yakamshika, binti yake akatoka jikoni kumkataza, na yeye akawa anamzuia kwa mkono, machozi yanamtoka, anarudia, "Ndoo! Wanaogopa ndoo!" Alipotulia akajifuta uso kwa kofia ile ile ya ukindu.

"Ufunguo anao nani?"

"Fundi bomba mpya."

"Mzungu?"

"Hapana. Anakaa Mahabibo, nyuma ya msikiti."

Zama Tombo akaweka kikombe chini, polepole, kisisikike.

"Mlete hapa siku ya mapumziko," akasema. "Mwambie kwamba Katsepy tuna samaki wazuri."